Gari la Baba Mkwe, Kila Kitu Mara Mbili

Fundi amelala chali chini ya dashibodi. Miguu yake imetokeza nje ya mlango wa dereva, kandambili moja imemvuka na kuangukia kwenye zege. Meno yameuma kipande cha utepe mweusi wa kufungia nyaya, mkono mmoja umeshika tochi, na mwingine unapapasa kitita cha nyaya kinene kama mkono wa mtoto.

"Hii nyekundu inakwenda wapi?" anajiuliza kwa sauti, kisha anaichomoa.

Taa ya ndani ya gari inazimika. Kabla hajavuta pumzi, nyingine inawaka juu ya kioo, na hakuna aliyeigusa.

Anajitoa chini taratibu, anakaa kitako sakafuni na kujifuta jasho kwa kiwiko. "Umeona mwenyewe," anamwambia mwandishi wa makala haya. "Nimezima taa, gari limekataa. Limewasha ya akiba. Yaani gari hili siku hizi hata kulizima ni mpaka ulibembeleze."

Katika mtaa huu wa gereji, ambako nyundo na mashine za kuchomelea hazinyamazi mpaka jua lizame, wateja humwita Mama Fyuzi. Ni fundi umeme wa magari. Alianza kazi akiwa msichana, akichaji betri kwa mjomba wake, na leo ana kibanda chake mwenyewe chenye meza ya mbao, ukuta uliojaa spana na benchi moja la wateja. Madereva wa malori humletea magari yaliyowashinda wengine.

Hili analohangaika nalo leo halikuletwa na dereva wa lori. Ni la baba mkwe wake.

"Angekuwa mteja wa kawaida ningeshamwambia achukue gari lake aende kwa mwingine," anasema. "Lakini huyu ndiye aliyenizalia mume. Nitamwambia nini?"

Gari lenyewe ni la kizamani, lenye pua ndefu na taa za mbele za mviringo, rangi ya maziwa juu na kijani chini. Kwa miaka mingi lilikaa kando ya nyumba ya mzee, limefunikwa turubai, paka wakizalia kwenye kiti cha nyuma. Mzee alipostaafu alilifunua na kutangaza kwamba atalijenga upya, kwa namna anayoitaka yeye.

Mwanzoni familia ilifurahi. Fundi bodi wa jirani aliupanua mlango wa mbele ili mama mkwe aingie bila kujikunja. Injini iliyochoka ikatolewa, ikaingizwa ya gari la karibuni. Mume wa Mama Fyuzi, ambaye ni seremala, akachonga dashibodi mpya ya mbao, akaipiga msasa na vanishi mpaka ikang'aa.

Hapo ndipo mzee alipoanza habari zake za "cha pili."

Kwa miaka yote ya kazi yake, mzee huyo alikuwa fundi wa jenereta katika hospitali. Umeme ukikatika, jenereta ilitakiwa iwake. Ya kwanza ikigoma, ya pili iamke. Siku ya kustaafu alirudisha sare na funguo, lakini ile tabia alirudi nayo nyumbani.

"Alianza na betri ya pili. Nikasema sawa, hiyo si mbaya," anasimulia Mama Fyuzi. "Ikaja pampu ya mafuta ya pili. Feni ya pili ya kupoza injini. Honi ya pili. Kila kimoja kina swichi yake, na kila swichi ina fyuzi yake. Siku moja akaniuliza, 'Binti yangu, na swichi yenyewe ikifa tukiwa katikati ya njia?' Nikajua nimekwisha."

Mume wake alilazimika kuichonga ile dashibodi upya, kisha upya tena, kwa sababu matundu ya swichi yaliongezeka kila wiki. Ubao wa kwanza bado uko kwenye karakana yake. Wa sasa, anasema, ni kama chujio.

"Nilimwambia mke wangu aongee naye," anasema seremala huyo, akicheka kwa aibu. "Mimi ni mtoto wake, mimi hanisikii. Yeye anamheshimu."

"Ananiheshimu kwa kuniongezea kazi," mke wake anadakia.

Mtaani mzee akabatizwa jina: Mzee Cha Pili. Fundi bodi alipoona honi ya pili inafungwa, alimwuliza kwa heshima zote kama atahitaji pia usukani wa pili. Mzee aliutazama ule wa kwanza.

"Alikuwa anafikiri kweli," anasema Mama Fyuzi. "Mimi nikatoka nje."

Hata hivyo, fundi huyu anakiri kwamba kuna asubuhi alifungwa mdomo. Betri ya kwanza ilikuwa imekufa kabisa, na yeye alikuwa na haraka ya kulisogeza gari ili lori lipite. Akabonyeza ya pili, injini ikawaka mara moja. Mzee alikuwa amekaa kwenye benchi la wateja. Alitabasamu tu, na hilo, anasema Mama Fyuzi, lilimuudhi kuliko kama angesema.

Lakini kilichokuwa kikimnyima raha si wingi wa nyaya. Ni macho ya mama mkwe wake.

Mama huyo ana ugonjwa wa presha ya macho. Daktari alimweleza kwamba uoni uliokwisha kupotea haurudi, na dawa ya matone inachelewesha tu kupotea kwa ule uliobaki. Anaona mbele yake kama mtu anayechungulia kwenye bomba, na bomba linazidi kuwa jembamba.

Alikuwa na ombi moja. Dada yake mkubwa anaishi juu milimani, ng'ambo ya mteremko mkali, na hawajaonana miaka mingi. Alitaka kumwona kwa macho, si kwa simu. Walikubaliana kwamba gari likikamilika, watakwenda. Gari likawa halikamiliki.

"Nilimwambia mzee, baba, basi lipo, linaondoka kila siku," anasema Mama Fyuzi. "Akanitazama kama nimemtukana. Kesho yake akaja na feni."

Baada ya kukaliwa kooni na familia nzima, mzee aliitaja siku. Mama mkwe alivaa vizuri, akafunga zawadi za dada yake kwenye kikapu, akaketi mbele. Mama Fyuzi akakaa nyuma ili awasindikize hadi nje ya mji na kulisikiliza gari.

Hawakuvuka hata mzunguko mkubwa wa barabara. Injini ilikohoa, ikashtuka, ikakohoa tena, ikazima. Nyuma yao foleni ikaanza kupiga honi.

Mama Fyuzi alishuka, akafungua boneti. Pampu ya kwanza ilikuwa nzima. Ya pili ilikuwa nzima vilevile. Chenye kosa kilikuwa kisanduku kidogo ambacho mzee alikuwa ameng'ang'ania kifungwe, chenye kazi ya kuhamisha gari kutoka pampu moja kwenda nyingine chenyewe, mafuta yakipungua nguvu. Kila kilipohama, mafuta yalipungua kidogo, nacho kikaona kuna hatari, kikahama tena. Kilikuwa kikirukaruka hivyo, huku na huku, mpaka injini ikakosa mafuta kabisa.

"Jua linawaka, watu wanatutukana, mama amekaa ndani na kikapu chake mapajani," anakumbuka. "Nikamwambia mzee neno ambalo sijawahi kumwambia mkwe. Nikasema, 'Baba, gari lako limeuliwa na akiba zako.'"

Mzee alimsaidia mkewe kushuka, akamtafutia teksi. Yeye akarudi nyumbani kwa miguu.

Jioni ile Mama Fyuzi alikwenda kuomba radhi. Mzee alikuwa amejifungia chumbani. Alimkuta mama mkwe jikoni, akichambua mchele kwa ncha za vidole, uso ameuelekeza dirishani.

"Kaa, mwanangu," mama mkwe alimwambia. "Mumeo hajawahi kukueleza habari ya ule mteremko?"

"Hajanieleza, mama."

"Hawezi kujua, alikuwa tumboni."

Ndipo akamsimulia. Mama yake mzazi alipofariki, walikwenda kuzika kwa gari hilihili. Katikati ya mteremko pampu ya mafuta ikafa. Hapakuwa na simu za mkononi, na mvua ilikuwa imefunga njia kwa juu. Walikesha ndani ya gari. Walipofika, kaburi lilikuwa limeshafukiwa, na dada yake mkubwa ndiye aliyesimama hapo peke yake.

"Hospitali yake ilikuwa na jenereta mbili," mama mkwe alisema, akiendelea kuchambua. "Sisi tulikuwa na pampu moja. Sikuwahi kumlaumu. Lakini yeye hajawahi kuuongelea ule mteremko mpaka leo."

Mama Fyuzi anasema alikaa pale akiitazama sinia ya mchele. Hasira yake ilikuwa haijaisha, ila sasa haikuwa na pa kwenda.

Mama mkwe alimrahisishia. "Jumamosi naondoka," alisema. "Gari likiwa na kimoja kimoja au kumi kumi, mimi nitakuwa nimekaa mbele. Mwambie hivyo. Mimi nimeshamwambia, anadhani natania."

Asubuhi iliyofuata fundi alimkuta mzee ameshafika gereji kabla yake, amesimama karibu na gari, mikono mgongoni.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Jana ulisema kweli."

"Nilisema vibaya, baba. Nisamehe."

"Vibaya, na kweli," mzee alijibu.

Hapo, anasema, ndipo walipofanya kazi kwa mara ya kwanza kama mafundi wawili badala ya mkwe na mkwe. Alimwomba mzee ataje vitu ambavyo vikifa pale mteremkoni, gari haliwezi kusogea tena. Mzee alifikiri, akataja betri na pampu. Akaongeza feni, kwa sababu ya mlima. Alipofika kwenye honi alisita, kisha akajikuta anacheka.

Kile kisanduku kilitolewa. Badala yake Mama Fyuzi alifunga swichi moja nene ya mkono, ya kuhamisha mafuta kutoka pampu ya kwanza kwenda ya pili, basi.

"Na nikisahau kuibonyeza?" mzee aliuliza.

"Nimeiweka upande wa mama. Nimeizungushia mpira, ataipata kwa kugusa."

Mzee aliigusa ile swichi huku amefumba macho. "Inapatikana," alisema.

Jumamosi waliondoka. Mama Fyuzi alibaki gereji akiwa na simu mfukoni, akidondosha spana kila inapolia.

Pampu ya kwanza haikufa. Kwa maelezo ya mama mkwe, walipofika pale mteremkoni pampu ilipokufa zamani, mzee alimwambia kwa sauti ndogo, "Bonyeza." Alibonyeza. Injini haikutikisika. Wakapita.

Kilichowakwamisha kilikuwa pancha, wakiwa wameshamaliza mlima. Ndani ya buti kulikuwa na matairi mawili ya akiba. Jeki haikuwemo hata moja.

"Aliisahau nyumbani," anasema mama mkwe, na kwa mara ya kwanza katika mazungumzo haya anacheka mpaka anashika ubavu. "Mtu mwenye honi mbili." Dereva wa lori la mbao aliwasaidia.

Dada yake alikuwa amesimama mlangoni. Mama mkwe alimshika mashavu kwa mikono miwili na kumsogeza karibu, akamtazama kwa vipande, maana hawezi tena kuuona uso mzima kwa pamoja: jicho moja, kisha la pili, pua, pengo la jino la mbele.

"Akaniambia nimenenepa," anasema. "Nikajua ni yeye."

Mzee, anapoulizwa kuhusu safari hiyo, hujibu kwa ufupi. Anasema gari lilikwenda vizuri, kwamba joto la injini lilipanda kidogo tu karibu na kilele, na kwamba shemeji yake amezeeka. Baadaye, akiwa ameshasimama kuondoka, anaongeza: "Nilimpeleka kaburini kwa mama yake. Tulikaa mpaka jua likapoa."

Tangu warudi, Mama Fyuzi amekuwa akizitoa zile nyaya zisizo na kazi kila apatapo nafasi kati ya magari ya wateja. Kazi haiendi kama alivyotaraji. Baadhi hajui zinakoanzia wala zinakoishia, na ana shaka kwamba mzee huja kufunga nyingine yeye akiwa amekwenda kula. Wiki iliyopita alifungua buti akakuta jeki mbili mpya, moja imefungwa kwa kamba juu ya nyingine.

"Nilizirudisha palepale," anasema. "Nimechoka kugombana na vyuma."

Sasa wanapanga safari nyingine, kabla lile bomba halijawa jembamba zaidi. Mama mkwe anataka kuuona mlima wenyewe, kwa sababu safari iliyopita, anasema, hakupata nafasi. Kila alipomwuliza mumewe mlima una rangi gani, alijibiwa injini ina joto gani.

Kwa hiyo amemwomba Mama Fyuzi ndiye aendeshe. Fundi huyo hajawahi kufika huko. Amekubali kufunga kibanda siku hiyo, kwenda polepole, kusimama kila atakapoambiwa, na kumweleza mama mkwe kila anachokiona. Mzee atakaa nyuma.

"Ameridhika kukaa nyuma?" mwandishi anauliza.

Mama Fyuzi anageuka kuangalia benchi la wateja, ambako baba mkwe wake ameketi akifuta feni kwa kitambaa, kisha anashusha sauti.

"Bado hatujamwambia," anasema. "Mama amesema atamwambia tukiwa tumeshawasha gari."