Dawa Kali kwa Soya ya Shangazi

Shangazi Kabula alinipigia simu akitaka jambo moja tu: dawa ya wadudu iliyo kali kuliko ile aliyokwisha kuipiga mara mbili. Soya yake ilikuwa ya watu sita. Wenzake watano walimkabidhi mbegu yao yote aipande, kwa kuwa shamba lake liko karibu na ziwa na halikauki upesi. Ikifa, hakuna mwenye akiba. Mimi nasaga unga wa lishe Mkolani, Mwanza, na soya yao ndiyo ninayoitegemea, kwa hiyo sikuhitaji kubembelezwa.

Kesho yake saa mbili asubuhi nilikuwa duka la pembejeo mjini. Muuzaji akaniuliza, "Wadudu gani?"

"Wadudu wa soya, wengine wa wapi?" nikamjibu kwa ukali. Akanipa chupa. Nilipanda kivuko cha kwenda Kamanga nikijiona daktari.

Sengerema nilifika kabla ya saa sita, nikachukua bodaboda hadi kijijini. Shangazi nilimkuta shambani na bibi shamba wa kata, dada mmoja mpole aitwaye Neema.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Umekuja nayo?"

Majani yalikuwa matundu matupu. Chini yake vidukari walijazana, majani yananata, sisimizi wanapanda na kushuka. Shangazi alieleza kwamba kwanza walikuja viwavi. Dawa ilipowapunguza, vidukari wakafurika. "Na hawa nawaponda kila asubuhi," akasema, akionyesha kidudu cheusi chenye miba na madoa ya rangi ya chungwa. Akakiponda pale pale kwa kidole gumba.

Neema akamshika mkono. "Mama, huyo umemwonea. Ngoja."

Alitafuta kingine, akakiweka kwenye jani lenye vidukari. Tukainama wote watatu. Kikakamata kidukari, kikamla, kikahamia kwa mwingine bila haraka, kama mtu aliyekaa kwenye sinia la ubwabwa.

"Huyu ni mtoto wa yule mdudu mwekundu wa mviringo, mwenye madoa meusi," Neema alisema. "Dawa iliua viwavi, ikaua na hawa, vidukari wakakosa wa kuwala. Waliosalia wanafukuzwa na sisimizi, maana sisimizi wanalamba utamu wa vidukari. Na wewe unawamalizia kwa vidole."

Shangazi alikitazama kidole chake. "Kumbe nilikuwa naua walinzi wangu?"

Nilimhurumia, kisha nikajionea aibu, maana hata mimi ningewaponda.

"Sasa hii tuipige?" nikauliza, chupa mkononi.

"Hapana. Hiyo inaua kila kinachotembea. Matundu haya yanaumiza macho kuliko yanavyoumiza soya. Wa kuogopa sasa ni hawa." Akatuonyesha wadudu wa kijani wa jamii ya kunguni wakinyonya maganda machanga. "Alfajiri wanakuwa wazito kwa baridi. Wakung'uteni kwenye ndoo ya maji ya sabuni. Wakiwazidi, niiteni, tutachagua dawa yao."

Siku tatu zilizofuata tuliamka mapema, mimi, shangazi na wale wenzake watano, tukakung'uta mstari kwa mstari. Mgongo uliniuma vibaya. Siku ya tatu vidukari walikuwa bado wapo, ila kila jani la tatu lilikuwa na kile cheusi kinakula. Shangazi hakuwaambia wenzake alichokuwa akikifanya kila asubuhi, nami sikumchongea.

Jumapili nilivuka kurudi Mwanza. Nilichojifunza ni kidogo: wadudu si kundi moja, na ukimpiga mmoja bila kumjua, unaweza kumfungulia mwingine mlango.

Walipovuna, shangazi alinipigia tena. Maganda mengi yalikuwa yamesinyaa, lakini mbegu ya wenzake watano ilitimia, yake tu ndiyo ikawa pungufu. Kabla ya kugawa aliwaeleza yote, kwamba alikuwa akiwaua walinzi wa soya yao kwa mkono wake.

"Wakasemaje?" nikauliza.

"Mmoja akasema, mwanangu, 'Mimi kwenye maharage vidudu hivyo vyeusi huwa nawatuma wanangu waviokote, tunavichoma moto.'"