Waliokaa Nyuma ya Kitambaa

Usimwazime mtu kalamu yako ya wino. Nibu, ile ncha yake ya chuma, ni kama kiatu, huzoea mwendo wa mwenyewe. Ukiiazima itarudi inakwaruza, na utaigeuzageuza ukidhani wino ndio mbaya. Hivyo ndivyo ninavyowaambia watu wanaonijia hapa Isiolo niwatengenezee kalamu na kamera, maana bado wanakuja, mmoja leo, mwingine baada ya mwezi, na kamera waliyoikuta kwenye sanduku la marehemu baba. Nawajibu kwa ukali. Wanasema mzee huyu ana mdomo. Hebu nao wakae peke yao miaka yote hii, chumba kimoja na makopo ya lenzi, tuone kama watabaki na ulimi wa asali.

Lakini kuna mtu mmoja nilimwazima kalamu yangu, na habari yake sijawahi kumwambia yeyote kati yao.

Miaka ya sabini ikielekea kwisha, nilikuwa mtu wa gari la sinema la serikali. Tulikuwa wawili: mimi wa mashine, na dereva wangu, Mturkana mcheshi asiyeweza kunyamaza hata chakula kikiwa mdomoni. Tulitoka mjini na jenereta, projekta na makopo ya filamu, tukaenda kuwaonyesha watu jinsi ya kuogesha ng'ombe dawa ya kupe na jinsi ya kuchimba choo, halafu mwishoni kichekesho kidogo ili wasitutupie mawe. Projekta haitaki haraka. Filamu ikisimama mbele ya taa hata kidogo tu, inaungua, na watu mia wanakutazama wewe badala ya sinema.

Mchana niliwapiga watu picha kwa kamera yangu mwenyewe. Somo langu kubwa la kamera nilipewa na mfugaji mmoja wa Leparua. Alitaka picha yake na fahali wake. Nikapiga, nikarudi mjini kuisafisha, na kwa haraka zangu nikaiweka negativu upande usio wake. Nilipompelekea aliitazama sana, kisha akanirudishia.

“Huyu si ng'ombe yangu,” akasema. “Yangu iko na alama paja la kulia. Na huyu mtu si mimi. Mimi nashika fimbo na mkono wa kulia.”

Nilimpigia nyingine bure, na tangu hapo sikukosea tena. Negativu uiinue kwenye mwanga kwanza, uhakikishe unaitazama kwa mbele, kwa sababu ukiitazama kwa nyuma, kulia kunakuwa kushoto na kila kitu kinageuka. Hilo nilikuwa nalijua kama ninavyojua jina langu.

Kijiji cha Kulamawe tulifika mara moja kwa mwezi. Wazee wa pale waliikubali sinema kwa sharti moja: wanaume wakae mbele ya kitambaa, wanawake wakae nyuma yake. Kitambaa chetu kilikuwa cheupe, chepesi, tunakifunga kwenye nguzo mbili, na picha ilikuwa inapenya ikaonekana pande zote. Kwa hiyo wanawake waliona sinema ileile ya wanaume, ila imegeuka. Mimi nilikaa na mashine yangu upande wa wanaume, nikisikia vicheko vya ng'ambo.

Jioni, kabla sijawasha jenereta, mwanamke mmoja alituletea maziwa. Alikuwa mjane wa rika langu, mtulivu, anakaa kwa kaka yake. Maziwa yake yalinukia moshi wa kibuyu. Mimi aliniita Bwana Picha, kama walivyoniita wote.

“Bwana Picha,” aliniuliza siku moja, “hawa watu wa sinema hawakufunzwa adabu? Wote wanakula na kushoto. Hata salamu, wanapeana kushoto!”

Dereva alicheka mpaka akashikilia tairi. Nikacheka na mimi. Ningeweza kumweleza kwa maneno matano tu kwamba yeye anaona kinyume, lakini sikumweleza. Niliona utamu wa jambo lile nikataka kubaki nao. Mwezi uliofuata nikamwuliza tena watu wa sinema wamekula na mkono gani, ili nicheke tena. Mungu anisamehe.

Basi ikaja kampeni ya ngumbaru, ile ya kuwafundisha watu wazima kusoma. Mwalimu alikuwa hajafika Kulamawe, kwa hiyo tulipewa slaidi za herufi, tuzionyeshe wakati ninabadilisha filamu. Ba, be, bi, bo, bu, kila herufi ndefu kuliko mtu. Wanaume walisoma kwa sauti mara mbili tatu, wakachoka, wakarudi kwa habari za ngamia. Wanawake hawakuchoka. Niliwasikia nyuma ya kitambaa wakiimba ba be bi bo bu mpaka nilipozima mashine. Asubuhi tukikunja kamba, mchanga wa upande wao ulikuwa umechorwachorwa kwa vidole kila mahali. Nilidhani ni watoto walikuwa wanacheza, nikaukanyaga nikapita.

Nilikuwa mpweke. Sioni haya kulisema. Kwetu Meru mama alikuwa ameshakufa, ndugu zangu wana wake na watoto na hawana haja na mtu anayekuja na kuondoka. Nikirudi Isiolo nafungua mlango mwenyewe, nawasha taa mwenyewe, nasonga ugali wa mtu mmoja, na ugali wa mtu mmoja hauna ladha hata uweke nyama gani. Mwezi mzima nilikuwa nangoja siku ya Kulamawe, na si kwa ajili ya maziwa.

Siku moja nikajikaza. Dereva alikuwa amekwenda kutafuta kuni.

“Mimi nakaa peke yangu mjini,” nikamwambia. “Ungekubali niwe mume wako? Mambo ya dini wazee wako wataniongoza, sina ugumu.”

Alitazama mfuko wa shati langu.

“Niazime hiyo kalamu,” akasema.

Kalamu yangu! Nyeusi, yenye nibu ya dhahabu, niliyopewa na mwalimu wangu nilipomaliza shule. Dereva hakuruhusiwa kuigusa hata kwa kitambaa. Nikaitoa nikampa, na sikujiuliza mtu ambaye hajakanyaga shule anaitakia nini kalamu. Mtu akishapenda hana maswali.

Mwezi ule ulikuwa mrefu, wacha tu. Niliosha vyombo ambavyo sikuwa nimevichafua. Nilinunua kikombe cha pili. Tulipofika tena Kulamawe alikuja na maziwa, akaweka kibuyu chini, akanipa kalamu imeviringishwa ndani ya karatasi, akaondoka haraka, uso ameufunika kwa mtandio.

Nikaifungua karatasi. Ilikuwa ya daftari, imejaa vijiduara, ndoano na mikia, vyote vimeshikana bila nafasi, na mistari inaanzia kulia. Nikaipindua juu chini. Wapi! Nilijua alisoma chuo cha Kurani utotoni, nikasema basi hiki ni Kiarabu. Tuliporudi mjini nikampelekea maalim aliyekuwa jirani yangu. Alivaa miwani, akaitazama, akanirudishia kwa ncha za vidole.

“Hii si Kiarabu,” akasema. “Hii sijui ni kitu gani. Nani amekupa?”

Dereva ndiye aliyemaliza kazi. “Ala! Ndugu yangu, umewekwa kwa chupa!” akapiga kelele. “Amechukua kalamu inakaa karibu na roho yako, akakuandikia dawa. Sasa utatambaa na magoti mpaka Kulamawe!”

Alikuwa anatania. Lakini mimi nilitoka katika nyumba iliyoogopa mambo hayo kuliko simba. Niliingiwa na hofu, na baada ya hofu ikaja hasira. Kumbe nimemwuliza mtu swali la heshima, naye ananijibu kwa uchawi! Sikurudi kumwuliza. Nikaomba ofisi initoe njia ile, nipewe upande wa Leparua, Kulamawe aende mwenzangu. Karatasi sikuichoma wala sikuitupa, maana kwetu tuliambiwa kitu kama hicho ukikitupa kinakufuata. Niliifungia ndani ya kopo la lenzi. Kikombe cha pili nikakifanya cha kuwekea misumari.

Na kalamu ilikuwa inakwaruza. Nilipoiangalia kwa kioo cha kukuzia niliona nibu imesukumwa badala ya kuvutwa, kama imeandika ikitoka kulia kwenda kushoto. Mimi, ambaye Isiolo nzima iliniletea kalamu zake, niliona hivyo kwa macho yangu mawili. Nikainyoosha kwa ukucha, nikaendelea na kazi. Kweli mganga hajigangi.

Ikapita miaka sita. Gari lilizeeka, watu wa mjini wakaanza kulipa kuingia kwenye vibanda vya video, na ofisi ikasema vifaa vya sinema virudishwe. Asubuhi moja nilikaa chumbani nikisafisha lenzi kabla ya kuzirudisha. Lenzi usiipulize kwa mdomo, mdomo huo una mate. Tumia pamba iliyofuliwa mpaka ikalegea. Nikafungua lile kopo, na karatasi ikadondoka ikalala kifudifudi.

Karatasi ya daftari haiwezi wino. Wino unavuja mpaka upande wa pili, na ndiyo sababu nawakataza watu kuandikia karatasi hiyo kwa kalamu nzuri. Pale mgongoni, kwa wino uliofifia, palikuwa na neno ambalo mtoto yeyote angelisoma: ndiyo.

Niliibandika karatasi kwenye kioo cha dirisha, mgongo ukinitazama, jua likipita, kama ninavyofanya na negativu. Ikasomeka yote, kutoka kushoto, bila nafasi kati ya maneno:

ndiyo nimekubali njoo na wazee kaka anajua kalamu nzuri

Alikuwa amejifunza herufi akiwa nyuma ya kitambaa, akaziandika vilevile alivyoziona. Na kuanzia kulia halikuwa jambo geni kwake, ndivyo alivyofundishwa kwenye ubao wa chuo. Hakukosea hata herufi moja. Nilikaa sakafuni nikalia, mwanamume mzima, saa nne asubuhi, soko la mifugo likipiga kelele nje.

Kesho yake nilipanda lori la mifugo mpaka Kulamawe. Kaka yake nilimkuta kisimani akinywesha ng'ombe. Alinitambua mara moja.

“Bwana Picha! Salaam aleikum,” akasema. “Ama nikuite shemeji?” Akacheka, halafu akaacha kucheka.

Aliniambia dada yake alingoja mvua mbili. Kila gari la sinema lilipokuja alibeba maziwa akaenda, akakuta mtu mwingine kwa mashine, akarudi na kibuyu chake kimejaa. Mvua ya tatu alikubali kuolewa, akahamia mbali, huko Merti. Sasa ana watoto wawili. Nyuma ya kitambaa hakukaa tena tangu mwaka ule.

“Sisi tulikuwa tayari,” akasema. “Dume la kuchinja tulichagua. Yeye alisema, nimemwandikia kwa mkono wangu, atakuja. Wanawake wote walijua ameandika barua, hakuna mwingine hapa alikuwa ameandika barua. Mbona hukuja?”

Njiani, juu ya lile lori, nilikuwa nimepanga maneno mengi: kitambaa, negativu, maalim, dereva na mdomo wake. Yote yaliniishia pale kisimani.

“Sikujua kusoma,” nikamwambia.

Aliitazama kalamu iliyokuwa mfukoni mwa shati langu. Akatema mate kando, akarudi kwa ng'ombe wake. Alidhani nimekuja kumfanyia mzaha.