Gari Yenu Imekufa, Muzee

Asubuhi ile nilipiga honi uani kwetu mtaa wa Bigo, hapa Bunia, kabla hata watu hawajamaliza chai. Haraka sikuwa nayo. Nilikuwa na gari! Mwanamke aliyepanda moto, pikipiki za kukodi, miaka yote, kitenge kikipokea vumbi na matope, ukimpa gari usitegemee atakuwa na akili timamu wiki hiyo. Majirani walichungulia, nikapiga tena.

Ilikuwa gari ndogo ya Kijapani, imetumika, imepitia Uganda na kuingilia mpakani Mahagi. Aliyeniuzia alinieleza kuwa iko na motere mbili, yaani injini, moja ya esanse, petroli, na moja ya umeme, na batri yake imelala chini ya kiti cha nyuma. Ukienda polepole au ukisimama inatumia batri tu. Ukikanyaga sana, au ukipanda mlima, ile ya esanse inaamka yenyewe. Huichomeki popote, kila ukifunga breki inajichaji. Maelezo yote hayo yalinipita. Nilichosikia ni kwamba inakunywa esanse kidogo, nikasema lete ufunguo.

Papa yangu hakuipenda. Aliipa jina: kasabuni, kwa udogo wake kama kipande cha sabuni. Yeye maisha yake yote aliendesha kamio, malori makubwa, kati ya Mahagi na Bunia, na kwake gari isiyotikisa sahani kabatini bado haijawa gari. Hata hivyo, kilichompa jina mjini si mikono yake, ni masikio. Alipostaafu alikuwa akishinda garaji, ile inayotazamana na hospitali, pamoja na mashoferi wazee wenzake. Mchezo wao ulikuwa kufumba macho na kutambua gari inayokuja kwa sauti tu. Papa alikuwa hashindiki. Angekuambia ni kamio ya nani, imebeba nini, na kwamba shoferi wake amegombana na mke wake, kwa vile anavyokosea gia.

Halafu siku moja zamu ikawa yake, akafumba macho, akatabasamu, akangoja. Kamio ikaja, ikapita, ikapotea. Papa bado anangoja. Wenzake walicheka, kicheko cha marafiki tu, lakini yeye aliokota kofia yake na hakurudi tena. Akahamia barazani kwetu. Ukimuuliza amekula, anakujibu mvua itanyesha. Nilimwambia twende hospitali wamuangalie, akawaka moto: "Masikio yangu iko nzuri! Ni ninyi munasema kama panya!" Basi nyumba nzima ikajifunza kupayuka, mpaka kuku wakawa wanatuogopa. Tulicheka, ndiyo, lakini miye roho iliniuma. Bila masikio yake, Papa hakujua tena aende wapi wala akae na nani.

Siku hiyo ya honi ilikuwa ubatizo wa mtoto wa mdogo wangu, kule mtaa wa Ngezi. Mjukuu hakataliwi. Papa akavaa koti, akaingia ndani ya kasabuni, akakaa wima, mikono juu ya magoti. Tukatoka uani polepole, kimya kama tunaiba. Nilikuwa nikiimba, kwa hiyo sikumtazama.

Chini ya kilima kidogo cha kuingia Ngezi, ng'ombe walikuwa wanavuka barabara. Nikasimama. Ndipo nikageuka, nikaona uso wa Papa umekuwa rangi ya majivu, na jasho linamtiririka. Akanishika mkono.

"Mama," akasema. Ndivyo anavyoniita, maana nilirithi jina la mama yake. "Imekwisha."

"Nini imekwisha, Papa?"

"Masikio. Tangu kule nyumbani sisikie motere. Ata kidogo. Leo yote imekwisha."

Mungu anisamehe, nilicheka. Nilicheka mpaka kilemba kikafunguka, na Papa ananitazama kwa huzuni, akidhani sasa amebaki kiziwi na binti mwenye wazimu. Nilipopata pumzi nikapayuka: "Papa! Ata miye sisikie kitu! Hakuna mutu anasikia! Iko kwa batri!"

"Unanidanganya kwa sababu unanipenda."

"Wapi! Uliza mutu yeyote!"

Akashusha kioo, akamwita mama mmoja aliyekuwa akiuza ndizi kando ya njia. "Mama, unasikia motere ya hii gari?"

Yule mama hakufanya mzaha na kazi aliyopewa. Alitua beseni, akainama, akatega sikio juu ya boneti kama anayesikiliza umbea ukutani. Kisha akasimama, akatoa hukumu kwa sauti ya kanisani: "Pole, muzee. Gari yenu imekufa."

"Imekufa!" Papa akapiga makofi. Sijapata kuona mtu akipokea habari ya msiba kwa furaha namna ile. Akanigeukia: "Mama, unasikia? Imekufa!"

Sasa, Bunia hutamki neno hilo chini ya kilima halafu ukamaliza sentensi. Matope ya barabara zetu yametufundisha: gari ikinyamaza, unasukuma kwanza, unauliza baadaye. Watu wa moto waliegesha, wachunga ng'ombe wakaacha ng'ombe, waliovaa nguo za misa wakakunja mikono ya mashati. Nikatoa kichwa dirishani. "Wacheni! Gari iko muzima!" Wakaangua kicheko. Kila mwenye gari iliyokufa husema hivyohivyo.

Papa alikwisha kushuka. Alikuwa nyuma, katikati yao, kofia imelala upande, akiamrisha kama enzi za kamio kuzama njia ya Mahagi, na huku akimhoji kila mmoja. "Weye unasikia motere?" "Hapana, muzee!" "Na weye?" "Ata kidogo!" Kila "hapana" ilimrudishia ujana, karibu acheze. Ningefanyaje? Nilitoa gia, nikashika usukani, nikaacha wanisukume mlimani na gari yangu nzima, machozi ya kicheko yananimwagikia kifuani.

Katikati ya kilima nikawaonea huruma, pumzi zilikuwa zimewaishia. Nikarudisha gia, nikakanyaga. Motere ya esanse ikaamka, vruu! Wakaruka juu. "Imewaka! Imewaka!" Wakapongezana, wakapigana mabega, na mtu mmoja wa moto akaja kunionya nisizime tena mpaka nifike kwa fundi.

Kwenye kioo nikamwona Papa. Alikuwa amesimama karibu kabisa na bomba la moshi, amemgeukia yule mama wa ndizi, ambaye naye alikuwa amesukuma, bado anacheka.

"Na sasa, Mama? Unasikia?"

"Ndiyo, muzee! Sasa iko inalia muzuri!"

Kicheko kikabaki mdomoni mwake, hakijui pa kwenda. Aliwatazama wale watu waliokuwa wakishangilia. Kisha akainama, akaweka kiganja mbele ya bomba, akaacha moshi wa moto umpige. Akatikisa kichwa taratibu. "Kweli," akasema, "imewaka." Akawashukuru wote, mmoja mmoja, akaingia ndani.

Nikaendesha. Baadaye kidogo nikaona mabega yake yanatikisika, nikajua analia. Kumbe anacheka! "Pole, muzee," akasema, akiiga sauti ya yule mama, "gari yenu imekufa!" Basi, tukashikwa wote wawili. Tulicheka njia nzima, na mlangoni kwa mdogo wangu nilisimama siwezi hata kushuka.

Papa akaweka mkono juu ya dashibodi. "Na sasa?"

"Sasa imenyamaza."

"Lakini haikufa."

"Haikufa, Papa."

Akarekebisha kofia yake. Mdogo wangu alikuwa anatoka na mtoto mkononi, kavikwa nguo nyeupe.

"Kesho unipeleke hospitali," akasema.

Nikaitika tu, nikiogopa neno lolote lingembadilisha. Akafungua mlango, akatoa mguu mmoja nje, kisha akanirudia, kidole juu.

"Lakini pale mbele ya garaji, Mama, upite kwa batri. Wale wazee wasitusikie."