Fundi Sabra na Friji ya Mwaka 2091

Kule Mabawa ukiulizia nyumba ya Sabra binti Mselem, huenda ukaambiwa haijulikani. Uliza kwa Fundi Sabra, utasindikizwa hadi mlangoni. Marehemu baba yake alitengeneza friji za mabwana wa mashamba ya mkonge, na kwa kuwa hakujaliwa mtoto wa kiume, wala hakuona kwamba hilo ni tatizo, alimfundisha bintiye kila alichokijua. Sabra alipotimiza miaka kumi na sita alikuwa akiweka kiganja kwenye mgongo wa friji inayonguruma, anafumba macho kidogo, kisha anakutajia kilichoharibika. Sasa ana miaka arobaini na minne, na hakuna aliyewahi kumsikia akisema "nitajaribu". Yeye husema, "Itapoza," na inapoza.

Miaka mitano nyuma aliajiriwa na kampuni ya Juabaridi, yenye ofisi Raskazone katika nyumba moja ya kale yenye baraza pana. Juabaridi huunda friji kubwa za sola, za kuhifadhia maziwa na samaki mahali ambapo umeme haufiki, au unafika siku unayotaka wenyewe. Kazi ya Sabra ilikuwa kuzifunga na kuzitengeneza, kuanzia Horohoro mpakani hadi Pangani. Alikwenda kwa pikipiki ya kampuni, juba lake kalifunga kiunoni juu ya suruali, mkoba wa vifaa mgongoni.

Basi mwaka jana mkurugenzi, kijana aitwaye Abdulghani, akaja na jambo jipya. Alisema matangazo ya redio yamewachosha watu. Kampuni ingetengeneza tamthilia ya kubuni ya kisayansi, vipande vya dakika kumi kumi vya kutazamwa kwenye simu, na mambo yake yote yangetokea Tongoni, kijiji cha pwani, miaka mingi ijayo. Wakaiita *Tongoni 2091*. Humo bahari imepanda, watu wanaishi katika nyumba za juu ya nguzo, mizigo inapaa angani bila rubani, na kila jiko lina friji ya Juabaridi inayozungumza na mwenye nyumba. Mtunzi alikuwa Precious, binti wa Muheza aliyesomea fasihi, mwepesi wa kucheka na mgumu wa kukubali kubadilishiwa sentensi.

Sabra hayo hayakumhusu, mpaka siku ya kwanza ya kupiga picha. Mwigizaji aliyepewa nafasi ya fundi alitakiwa kufungua mashine kwa spana. Aliishika kama anayekoroga uji. Wakarudia mara saba. Mwisho Abdulghani akachungulia karakana.

"Da Sabra, tuazime mikono yako."

"Mikono yangu haitembei peke yake," Sabra akamjibu. "Nikija, nakuja na mdomo."

Alikwenda, na wakapiga picha mikono tu. Msichana wa vipodozi alitaka kulipaka poda kovu lililokuwa kwenye dole gumba lake. Sabra akauvuta mkono. "Liache. Hilo nimelipata kwenye kulehemu. Huyo fundi wenu wa 2091 naye atakuwa nalo."

Tamthilia ikapendwa. Ikapita simu hadi simu, watu wa Ngamiani wakawa wanabishana vijiweni kama kweli Tongoni itazama. Sabra naye aliipenda, hakuficha. Kila mikono yake ilipotokea, mumewe, Hatibu, alisimamisha picha ili aitazame vizuri. Katika kipande cha nne paneli ya friji ilijikung'uta vumbi yenyewe, kama kuku anayetoka mchangani. Sabra alicheka sana, kisha akakisahau.

Wiki kadhaa baadaye ikaja simu kutoka Mwera. Alikuwa Mama Elizabeti, mwenyekiti wa kikundi cha wanawake wanaokusanya maziwa ya majirani na kuyapeleka mjini. Friji, alisema, imekufa.

Sabra alifika kabla ya adhuhuri.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Njoo uone mwenyewe."

Maziwa ya ndoo mbili yalikuwa yamechachuka kwa joto. Sabra akaweka kiganja kwenye mashine, akasikiliza, akatikisa kichwa. Mashine haikuwa na ubaya wowote. Akaegemeza ngazi ukutani, akapanda juu ya paa, na huko akakuta paneli imevikwa vumbi jekundu, majivu ya makumbi ya nazi na kinyesi cha ndege, hata kioo chake hakionekani.

"Mama, kile kitambaa nilichokuachia kiko wapi?"

"Kipo, nimekikunja vizuri," Mama Elizabeti akajibu kutoka chini. "Lakini nimeona kwenye mchezo wenu, hiyo kitu inajikung'uta yenyewe."

"Ule ni mchezo, mama."

"Mie najua ni mchezo. Lakini mikono yako niliiona, na lile kovu. Nikawaambia wenzangu, huyu ni Sabra wetu. Kama Sabra yumo, basi hili si la uongo."

Sabra alishuka ngazi hadi katikati, akakipokea kitambaa, akarudi juu. Aliwahi kulaumiwa kwa kuchelewa, na kwa kusema sana. Lakini kwamba ameiharibu friji kwa kuitengeneza vizuri kwenye picha, hilo lilikuwa jipya. Alipangusa paneli yote, akakaza waya mmoja uliolegea, akashuka na kuomba radhi.

"Sina kinyongo nawe," mama akasema. "Ila niambie. Hadithi ina jina la Juabaridi, na friji ina jina la Juabaridi. Nitajuaje moja inaishia wapi na nyingine inaanzia wapi?"

Swali hilo Sabra alilibeba njia nzima. Alipofika Raskazone hakupitia karakana. Aliingia moja kwa moja chumba cha mikutano, kofia ya pikipiki kwapani, akawakuta Abdulghani na Precious wakipanga kipande cha tisa. Akawaeleza yote.

"Tutaweka maandishi mwishoni," Abdulghani akasema. "Kwamba ni mambo ya kubuni."

"Mama Elizabeti anasoma Biblia kwa miwani mbili. Maandishi yako ya ukubwa wa sisimizi atayaona wapi?" Sabra akavuta kiti. "Sijaja kuwaambia muache. Bahari ipandisheni mpaka Usambara mkitaka. Lakini kitu chenye jina letu kisifanye huko jambo kisilolifanya hapa."

Precious akaweka kalamu chini. "Shangazi, kama friji ya 2091 ni hii hii ya leo, mimi naandika nini?"

Lilikuwa swali la haki, na Sabra hakulikimbia. Alifikiri, akigonga kofia kwa vidole.

"Andika hii ya leo ikiwa imezeeka," akasema. "Hizo zinazoongea zipe jina jingine. Halafu lije wingu zito la wiki nzima, zote zizime, na jua likirudi zigome kuwaka. Ibaki moja kuukuu ya Juabaridi, imesahauliwa kwenye ghala la mtu. Nani anajua kuifufua?"

Precious alimtazama, akaichukua tena kalamu. Walikaa mpaka magharibi, Sabra akimtajia kila kinachoweza kuharibika na namna kinavyolia kabla ya kuharibika, Precious akiandika bila kuinua kichwa. Walipomaliza Abdulghani akasema wataihitaji tena mikono.

"Safari hii na uso," Sabra akasema. "Kama watu wananiamini mimi, wanione, wajue wa kumpigia simu."

Kipande hicho kilitoka mwezi uliofuata. Fundi wa makamo, juba limefungwa kiunoni, anapanda kwenye paa lililozungukwa na maji na kupangusa paneli dakika nzima huku akimweleza mwenye ghala kila anachofanya. Hakikutazamwa kama kile cha awali chenye ngalawa zinazoruka angani, na Abdulghani alinuna siku mbili. Lakini simu za friji zilizokufa kwa vumbi zilipungua, mpaka yeye mwenyewe akalitaja jambo hilo mkutanoni bila kusukumwa. Kikundi cha Mwera kilimtumia Sabra ujumbe wa sauti, wanawake wote wakisema kwa pamoja, mpaka hakuelewa hata neno moja, ila furaha aliisikia.

Tangu hapo Precious haandiki kipande kipya kabla ya kupanda nyuma ya pikipiki ya Sabra na kuwatembelea wateja. Juzi walikuwa Moa, kwa muuza samaki aitwaye Idarusi, wakifunga friji mpya. Precious alikaa juu ya kreti na daftari lake, akimwuliza Idarusi angependa miaka sabini ijayo iwe na nini. Yule mzee akamgeukia fundi badala yake.

"Hebu nambie kweli, mwanangu. Hii kitu iko siku itaongea?"

Sabra alikuwa amechuchumaa nyuma ya mashine, akikaza skrubu ya mwisho. "Ikianza, nitakuja kukuambia mwenyewe," akasema. "Kwa leo, mzee, lete samaki."