Maombi ya Asubuhi Kwenye Atelye

Mwenye atelye yetu ya ushonaji, ambaye sote tulimwita Mama Patroni, ndiye aliyenipokea nilipofiwa na mume wangu. Alinipa mashini ya kushona iliyokuwa karibu na dirisha, mahali penye upepo wa ziwa, akaniambia nishone na nilie, ila nisiloweshe vitambaa vya watu. Kwa miaka kadhaa sikuwa na neno baya juu yake. Hata leo sina mengi.

Kisha alianza kusali katika kanisa la uamsho lililofunguliwa mtaani kwao hapa Kalemie, akaokoka kwa nguvu zote, kama alivyofanya kila jambo. Alituletea maombi ya asubuhi. Kabla ya kuwafungulia wateja tulisimama katikati ya mashini, tukashikana mikono, naye akaomba mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Maombi yenyewe hayakunisumbua. Nani anakataa kuombewa? Niliinamisha kichwa nikasema amina pamoja na wenzangu. Lakini polepole maombi yale yalianza kunitafuta mimi. Leo Bwana aliombwa atuepushe na wanaoabudu miti na mawe. Kesho aliombwa awafumbue macho wanaomwita mwanamke aliyekufa zamani. Mkatoliki mle ndani nilikuwa peke yangu, kwa hiyo hakukuwa na haja ya kutaja mtu.

Aliyenichoma zaidi alikuwa jirani yangu wa mashini, mwanamke wa rika langu, fundi wa kutarizi ambaye ukiona maua yake unataka kuyanusa. Yeye na Mama Patroni walisali kanisa moja.

“Dada,” alikuwa akiniambia huku anapitisha uzi kwenye sindano, “jana ulimuambia nini yule mama yenu wa simenti?”

Alimaanisha sanamu ya Bikira Maria ya kanisani kwetu. Wenzetu walicheka. Mimi nami nilicheka kidogo, maana kukasirika kila siku kunachosha kuliko kushona.

Jambo ambalo lingenichekesha kweli, kama ningethubutu, ni kwamba kila mwaka kabla ya Pasaka atelye yetu ilijaa magauni meupe ya komunyo ya kwanza. Mama Patroni alipokea vitambaa vya magauni hayo kwa mikono miwili, akawahakikishia akina mama wa parokia kwamba mjini hakuna anayejua kushona gauni la komunyo kama kwake. Ilikuwa kweli. Aliyekuwa anayashona ni mimi.

Mwaka ule, siku ya Jumatano ya Majivu, niliwahi misa ya alfajiri, kisha nikaja kazini na msalaba wa majivu kwenye paji la uso. Mama Patroni alinitazama, akachovya kitambaa ndani ya ndoo ya maji, akaninyooshea.

“Mama, pangusa uso. Hapa njo kazi, si makaburi.”

“Nisamehe, Mama Patroni. Yatatoka yenyewe na jasho.”

“Na wateja watasema nini?”

“Wengi wao leo watakuja nayo vilevile.”

Sikukusudia kumjibu vibaya. Lakini mtu mmoja nyuma yangu alicheka, na kile kicheko kilimuumiza. Kabla ya saa sita mashini yangu ilikuwa imehamishwa kutoka dirishani ikapelekwa kwenye kona, kando ya pasi ya makaa tuliyoitumia kila umeme unaotoka Bendera ulipokatika. Moshi wote ulikuwa wangu. Jirani yangu alisaidia kubeba mashini. Alipoitua chini aliniambia, “Sasa utapata majivu ya kutosha, dada.”

Jioni nilikaa uani kwangu nikamenya mihogo na kulia. Niliwaza kuacha kazi, lakini fundi anayeondoka kwa mtu aliyemfadhili huonekana mtovu wa shukrani, na kweli nilimpenda yule mama. Nilijaribu kumuombea jirani yangu. Maneno hayakutoka. Basi nilimuomba Mungu anisaidie angalau nisimchukie mpaka Pasaka ipite. Baada ya hapo tungeona.

Katikati ya Kwaresima mama yake jirani yangu aliletwa kutoka milima ya Moba kwa boti, miguu imemvimba mpaka hawezi kuvaa viatu. Alipelekwa hospitali, akapewa dawa, akaja kukaa kwa binti yake. Tulichanga kidogo kidogo, kama desturi yetu mtu anapopata mgonjwa, na mimi nilichanga. Kisha tukaona jirani yangu amebadilika. Utani ulimwishia. Siku moja alishona mkono wa kushoto wa blauzi mahali pa mkono wa kulia, yeye ambaye hakuwahi kufumua kitu.

Siku hiyo saa ya chakula alikuja na bakuli lake la ugali na sombe, majani ya muhogo, akaketi kwenye kona yangu, ndani ya moshi wangu. Halafu akasema bila kunitazama:

“Dada, mama yangu hasemi.”

“Hasemi namna gani? Ulimi umemfunga?”

“Hapana. Anasalimia. Anasema ndiyo, anasema asante. Lakini hasemi. Anageukia ukuta. Hata supu ya samaki mugebuka, ile anapenda, anaonja tu na kurudisha.”

“Tangu lini?”

Alizungusha tonge la ugali vidoleni muda mrefu.

“Alikuja na rozari shingoni. Pasta alipomuona alisema ugonjwa njo umejifunga mule. Tulimuvua. Tulichoma uani, pamoja na picha yake ya Maria. Hakukataa. Alitutazama tu.” Aliinamia bakuli lake. “Dada, miye nilidhani atapiga kelele. Angalau angepiga kelele.”

Nilikuwa na mengi ya kumwambia. Nilikuwa nimeyakusanya tangu mashini yangu ihamishwe. Lakini alikuwa ameshika lile tonge bila kulila, na macho yake hayakuwa mekundu kwa sababu ya pasi.

“Unataka nifanye nini?” nilimuuliza.

“Kuja umuone. Usilete kitu chochote. Umusalimie tu.”

Nilikwenda Jumapili alasiri. Nyumba yao iko upande wa mto Lukuga, ina ua mdogo uliofagiwa vizuri. Mama alikuwa amelala kwenye mkeka ndani, mwanamke mfupi mwenye viganja vipana vya mtu aliyelima maharage maisha yake yote. Jirani yangu alinitambulisha kama mwenzake wa kazi, kisha akatoka nje kuosha vyombo. Nadhani hakutaka kuona.

Nilimsalimu, nikamuuliza habari za miguu. Alijibu kwa adabu. Halafu akanikazia macho.

“Wewe ni wa kwetu?”

Sikuwa nimevaa chochote cha kunitambulisha. Mpaka leo sijui alijuaje.

“Ndiyo, mama. Nilibatizwa mutoto.”

Alifumba macho. Nilifikiri amechoka, nikataka kuinuka, lakini akanishika kanga.

“Zile shanga walichoma,” alisema. “Si kitu. Shanga ni shanga tu, na mutoto wangu hakufanya kwa ubaya, anataka nipone. Lakini vidole vyangu, mama. Usiku na mchana vinatafuta.”

Nikaona ni kweli. Dole gumba lake lilikuwa likisuguana na kidole cha pili polepole, bila yeye kujua. Nilimwambia, “Mama, kamata vyangu.” Nikampa mikono yangu yote miwili. Alianzia kidole kidogo cha kushoto. Kila Salamu Maria kidole kimoja, mpaka kumi vikaisha, kisha tukaanza tena. Mwanzoni sauti yake ilikuwa ya kunong’ona. Baadaye ikapanda. Mikono yake ilikuwa ya moto na mikavu, na ilivyonibana nilihisi nimeshikwa na mama yangu mwenyewe, ambaye alikuwa amefariki zamani.

Huko nje sahani zilikuwa zikigongana, kisha zikanyamaza.

Karibu na mwisho tulianza Salamu Malkia, sala ndefu ambayo mama yule alitaka aiongoze mwenyewe. Alifika katikati akakwama. Alirudia mstari, akakwama tena palepale, na machozi yakaanza kumtoka, kama mtu aliyefika mlangoni kwake akakosa ufunguo. Nilifungua mdomo nimsaidie. Kabla sijasema neno, sauti ilitoka uani, ikasema yale maneno aliyoyatafuta. Ilikuwa sauti ya jirani yangu. Aliyasema kama watoto wanavyoyasema, haraka na bila kupumua, kwa lafudhi ya milimani niliyokuwa sijawahi kuisikia kinywani mwake. Aliendelea mpaka amina. Mama alimfuata neno kwa neno huku ameshika vidole vyangu.

Sahani zikaanza tena kugongana. Nilipotoka, jirani yangu alikuwa ameinama juu ya beseni, mikono imejaa povu mpaka viwiko.

“Alinifundisha nikiwa na miaka midogo,” alisema. “Nilidhani nilisahau.”

Nilirudi Jumapili zilizofuata. Mama alipoomba padri, jirani yangu alinituma mimi, na padri alikuja kumpaka mafuta ya wagonjwa mchana kweupe, majirani wakiona. Mimi sisemi kwamba ni sala zilizomponya. Alikuwa akinywa dawa za hospitali, na daktari alijua kazi yake. Ninasema tu kwamba alianza kumaliza supu, na alianza kuongea, na alipoanza kuongea hakunyamaza: alimsema binti yake kwa chumvi nyingi, akanisema mimi kwa kukonda, akauliza kwa nini watu wa Kalemie wanapika maharage kama wanakimbizwa.

Habari zilimfikia Mama Patroni, na zisingekosa kumfikia, maana mtaa una macho. Asubuhi moja, baada ya kushikana mikono, aliniita niingie katikati ya duara.

“Leo tutamuwekea mama huyu mikono,” alisema. “Roho ya sanamu imeingia katika atelye yangu, na sasa inaingia hata nyumba za watoto wa Mungu. Tutaifukuza. Na kama hataki, achukue mikasi yake aende na amani.”

Nilisimama mahali pangu. Haukuwa ushujaa. Nilikuwa nikitafuta namna ya kumkatalia bila kumvunjia heshima, na sikuipata. Hapo jirani yangu akaachia mikono ya wenzake.

“Mama Patroni, nisamehe,” alisema. “Ile sala, mama yangu njo anaomba. Nimezaliwa ndani yake. Nilipougua surua alinibeba mgongoni kutoka shamba mpaka misioni, akiomba vile njia yote. Kama ile ni roho mbaya, basi njo ilinilea.”

“Wewe umeokoka,” Mama Patroni alimwambia kwa mshangao.

“Nimeokoka. Na Yesu wangu sijamuacha. Lakini nilimuchomea mama yangu kitu chake, akageukia ukuta, na huyu dada ambaye nilimucheka kila siku alikuja kumushika mikono. Mukimufukuza, munifukuze na miye.”

Kule barabarani wauza samaki walikuwa wakiitana. Mama Patroni alitazama mikono yake, ambayo ilikuwa bado imeinuliwa kidogo, tayari kuwekwa juu ya kichwa changu. Akaishusha. Alisema amina, bila kuwa ameomba kitu, akaenda kufungua milango.

Siku mbili tatu hakuzungumza nami ila kuhusu vipimo. Niliamini ananitafutia namna ya kuniondoa. Kisha mchana mmoja, akiwa anapima kitambaa cha sare za shule na pini mdomoni, alisema kwa sauti ya kawaida:

“Mama, kuanzia kesho wewe utakuja baada ya maombi. Utakuta tumemaliza.”

“Asante, Mama Patroni.”

Alitoa pini mdomoni. “Na ile kona ina moshi. Itakuharibia kifua. Nani atanishonea komunyo?”

Hakuomba msamaha, wala sikuungoja. Nilijua ilimgharimu kuninyima maombi yake, kwa maana alikuwa akiamini kweli kwamba ananinyima kitu chema. Tuliinua mashini, jirani yangu upande mmoja na mimi upande mwingine, tukairudisha dirishani.

Baada ya Pasaka mama yake jirani yangu alitaka kurudi kwake kupalilia. Tulimsindikiza bandarini asubuhi. Miguu yake iliingia ndani ya viatu, na alituonyesha hilo mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Alipanda boti akisaidiwa na wasafiri wengine, akaketi juu ya magunia, akatupungia kama mtu anayefukuza ndege shambani. Tulisimama mpaka boti ikawa ndogo.

Tukiwa njiani kurudi kazini, jirani yangu alisema, “Dada, miye sitarudi kanisa lenu.”

“Sijakuomba.”

“Najua. Nilitaka tu usingoje.”

“Singoji.”

Alitembea kidogo, kisha akanishika mkono, kama wanawake wanavyoshikana wakivuka barabara yenye pikipiki nyingi. Tulinunua mandazi ya moto kwa mama mmoja pembeni ya reli, tukayala tukitembea, tukibishana juu ya kola za zile sare, kwamba zikae wima au zilale.