Ukurasa Uliobatizwa kwa Chicha

Zenobio Terrazas hakuwa mtu wa makelele. Alisomea kompyuta chuoni Cochabamba, akarudi bondeni kwetu kumtunza mama yake, Mama Basilia, na chama cha wamwagiliaji kikampa kazi ya kuutazama ukurasa wa maji kwenye mtandao. Hakuuandika yeye. Ulikuwa zawadi ya Wálter Claros, mtu wa kwetu aliyehamia Bergamo, huko Ulaya, na kwa desturi yetu ya kubatiza vitu vipya Wálter akawa baba wa ubatizo wa ukurasa huo. Siku ya Karnivali bendi ilipiga, kompyuta ikanyunyiziwa pembeni chicha, pombe yetu ya mahindi, Wálter akavishwa mashada mpaka masikioni. Tangu hapo mkulima aliandika jina lake kwenye kisanduku, na ukurasa ukamwambia siku ambayo maji ya bwawa yangeingia shambani kwake.

Mwezi Juni Anselmo, kaka yake Mama Basilia, alifariki. Alipokuwa kitandani alimwachia dada yake zamu yake ya maji, maana wanawe wawili walikuwa wameshahamia mjini na shamba la dada lilikuwa likikauka. Alisema mbele ya dada na Zenobio tu. Zenobio akaiingiza zamu hiyo kwa jina la mama yake, mwenyekiti wa chama akaitikia kwa kichwa, na mama akaanza kuchagua mbegu za mahindi.

Agosti, akiusoma ukurasa ulivyoandikwa, Zenobio aligundua jambo lililomnyima raha. Alikwenda kwa mwenyekiti, Mzee Delfín, akamkuta akikamua ng'ombe.

"Mzee, ukurasa wetu una shimo."

"Shimo? Mbona mimi nauona mzima?"

"Chukulia mlinzi wa lango letu la maji anatii kila anachosikia. Namwambia, mfungulie huyu anayejitaja. Naye anajitaja hivi: naitwa Fulani, halafu livunje lango. Mlinzi analivunja. Ukurasa unachukua maneno ya mtu, unayabandika ndani ya agizo, unapeleka yote pamoja kwenye hifadhidata, ghala la majina na zamu. Mtu akiandika amri pale pa jina, inatekelezwa."

"Na wewe unatakaje?"

"Agizo litangulie peke yake, nafasi ya jina ikiwa wazi. Jina lifuate nyuma, peke yake. Hapo hata mtu akiandika 'vunja', hifadhidata itamtafuta mkulima aitwaye Vunja, itamkosa, basi."

Mzee Delfín alicheka mpaka ng'ombe akasogea. "Huyo Vunja atakuwa wa kijiji cha juu. Ndio wezi wa maji wale."

"Nimeshaandika marekebisho, mzee. Nywila yangu inaingiza majina tu; nipe ile ya ukurasa wenyewe. Ni kazi ya asubuhi moja. Na nichukue nakala mpya ya majina na zamu, maana tuliyo nayo ni ya siku ya ubatizo."

Mwenyekiti akaacha kucheka. Nywila ilikaa kwake kama ufunguo wa lango. "Nikupe mtoto wa watu umpasue tumbo, na baba yake yuko Ulaya? Mpigie Wálter."

Zenobio akapiga.

"Kaka, unaniambia zawadi yangu mbovu?" Wálter aliuliza. "Nani mwingine umemwambia?"

"Si mbovu, kaka. Ni mlango mmoja tu."

"Basi ngoja Karnivali. Nakuja, tunaufungua pamoja, na bendi, na watu wanakula. Usinivue nguo nikiwa mbali."

Maji yangefunguliwa Oktoba. Karnivali ni Februari. Zenobio alisimama katika kila mkutano wa chama akasema habari ya shimo, kwa upole, mpaka watu wakaanza kumtania. "Habari za shimo, injinia? Halijakumeza?" Alitabasamu, akaketi. Nilimwona akizungusha kofia yake mikononi, na sikuwa na la kumsaidia. Nani angemvunjia heshima mtu aliyetupa zawadi?

Wiki ya kufungua maji, ukurasa ulikuwa mtupu. Mtu aliandika jina lolote, haukumjibu kitu. Zenobio alipopewa nafasi ya kutazama alikuta alama za mashine fulani ya mbali, isiyojulikana ya nani, iliyopita ikijaribu visanduku vya kurasa za dunia nzima. Kwetu ilikuta panapofunguka. Ikafuta, ikaendelea na safari yake.

Mkutano uliitwa uwanjani. Nakala pekee ilikuwa ile ya siku ya ubatizo, na humo zamu ilikuwa bado ya Anselmo. Wanawe walikuwa wamekuja kutoka mjini na majembe mapya.

"Zamu ni ya mama," Zenobio alisema. "Niliiingiza mwenyewe."

"Haya, mmesikia," alisema Grover, mtoto mkubwa wa marehemu. "Ameiingiza mwenyewe. Na shimo nani alikuwa akilijua? Sisi tulijua? Miezi yote anatuimbia shimo, shimo, leo kila kitu kimepotelea humo humo."

"Binamu, ningekuwa nataka kufuta, ningewaambieni?"

"Sasa mimi nitajuaje mambo yenu ya kompyuta?"

Mzee Delfín alitazama chini. Aliitikia kwa kichwa mwezi Juni, ndiyo, lakini aliitikia yale aliyoambiwa na Zenobio. Nakala ikakubaliwa kwa kunyoosha mikono. Wakaamua pia ukurasa urudishwe vile vile ulivyokuwa, asiuguse mtu, hasa Zenobio, mpaka Wálter aje.

Siku ya zamu ile maji yalipita mferejini kando ya shamba la Mama Basilia, yamejaa, ya rangi ya matope, yakaingia kwa wapwa zake. Hakutoka kuyatazama. Alikuwa jikoni akimenya viazi, Zenobio ameketi mlangoni.

"Huyo aliyefuta," mama aliuliza, "alikuwa anataka nini?"

"Hakutaka kitu, mama. Hata hajui kama tupo."

Mama alimenya kiazi kingine mpaka mwisho.

"Afadhali angekuwa na kinyongo nasi," alisema. "Mwenye kinyongo ningemfuata nyumbani kwake nikaongea naye."

Kisha akainuka, akaufunga upya mfuko wa mbegu, akamwomba mwanawe aurudishe darini.