Joram Aliyechelewa Kukua

Asubuhi ile Joram aliingia jikoni amejinyoosha kuliko kawaida. Nilikuwa nakoroga uji. Tangu mke wangu Rachael aniache, uji wa nyumba hii naukoroga mimi, na una madonge.

"Kwara, angalia hapa," akasema. Kwara ndiyo babu kwa lugha yetu. Akainua uso, akagusa juu ya mdomo.

"Naona uji."

"Sijakunywa uji bado."

"Basi ni wa jana."

"Ni ndevu, Kwara! Angalia kwa mwanga. Macho yako yamechoka."

Nikamvuta mlangoni, nikaangalia. Kulikuwa na unywele mmoja, labda mbili, laini kama za mtoto mchanga. Nikamwambia, "Haya. Sasa boma hili lina wazee wawili." Akacheka mpaka akakohoa. Akanywa uji wote pamoja na madonge, akachukua mfuko wake wa bisibisi, akaenda sokoni Otonglo.

Hiyo ilikuwa asubuhi yetu ya mwisho ya kawaida. Kesho yake tulikanyaga udongo.

Joram alikuwa mjukuu wangu. Alikuwa na miaka kumi na saba. Ungemwona ungesema kumi na moja. Baba yake, mwanangu Obonyo, alikufa kwa ajali barabara ya Busia. Mama yake akaolewa kwingine. Mtoto akabaki kwetu, na ugonjwa wake akabaki nao.

Ni ugonjwa wa damu, ule wanaouita sikoseli. Daktari alituambia chembe za damu yake zimepinda kama mundu, zinakwama njiani. Zikikwama, maumivu. Mifupa, kifua, mgongo. Akatuambia pia kwamba kijana wa namna hii huchelewa kubalehe. "Atakua," alisema. "Ila mwili wake una kazi nyingi. Msimharakishe."

Rachael ndiye aliyemlea. Alimfukuza atoke mvuani. Alimnywesha maji kama mtu anayenyweshea mboga. Usiku wa baridi alimfunga blanketi mpaka anabaki pua tu. Kwetu bibi humwita mjukuu wa kiume mume wake, kwa mzaha, na babu ndiye mshindani. Basi jioni ungewasikia, Joram akimwita Dani, yaani bibi:

"Mume wangu, njoo ule. Huyo mzee mwingine atakula makombo."

"Mume gani hana hata ndevu, Dani?"

"Zinakuja. Ziko njiani. Zimeshuka Maseno kupumzika."

Hapo alikuwa na miaka kumi na tatu. Alicheka. Alipofika kumi na tano, mzaha ule ule hakuucheka tena. Rachael akaona, akauacha.

Oluoch, mjukuu wa ndugu yangu Walter, alizaliwa mwaka mmoja na Joram. Boma lao na letu ni ua mmoja. Oluoch alibadilika tukimwona. Chunusi usoni. Mabega. Harufu ya kwapa mpaka bibi yake akamnunulia sabuni yake peke yake. Sauti ikashuka. Akawa mkali bila sababu, kisha anacheka bila sababu, kisha analala mpaka saa nne. Walter akasema, "Huyu sasa ni wa nje."

Kwetu mvulana akianza kubalehe halali tena nyumba moja na wakubwa wake. Anajenga nyumba yake ndogo karibu na lango. Tunaiita simba. Siku ya kujenga ya Oluoch, Joram alibeba fito na wenzake. Alibeba moja moja. Jioni alikaa akiiangalia ile nyumba mpaka Rachael akamwita mara ya tatu.

Kanisani Oluoch alihamishiwa safu ya nyuma, kwa sauti nzito. Wavulana wote wa rika lao walihamia huko. Joram naye akajongea. Mama Jacinta, mwalimu wa kwaya, akamwambia, "Wewe baki hapa na dada zako, Joram. Sauti yako bado ni tamu." Hakusema kwa ubaya. Wasichana wakacheka kidogo, si kwa ubaya pia. Joram aliimba mpaka wimbo ukaisha. Kwenye kwaya hakurudi tena.

Akaacha kuoga ziwani na wenzake. Akawa anaoga nyuma ya nyumba, asubuhi kabla watu hawajaamka, na baridi ile si nzuri kwake. Rachael akamchemshia maji, akamwekea, akaondoka bila kusema. Siku moja Joram akatupa kikombe ukutani. Siku nyingine nikamkuta analia, akaniambia ni moshi. Moto ulikuwa umezimika.

Watu walidhani mwili ukiwa wa mtoto, na moyo ni wa mtoto. Haikuwa hivyo. Moyo wake ulikua siku zile zile za Oluoch. Hasira zilikuja, aibu ikaja, kupenda kukaja. Mwili tu ndio haukuja.

Alijifunza kutengeneza simu. Alikuwa na meza yake Otonglo, chini ya mwavuli. Nilikuwa nikimpelekea chakula, namsikia na wateja.

"Kijana, mwenye meza ako wapi?"

"Ni mimi."

"Wacha mchezo. Niitie ndugu yako mkubwa."

"Ndugu mkubwa ni mimi. Leta simu."

Kando yake alikaa Sheryl, binti wa chapati. Joram alikuwa akimchajia simu bure, na hata mimi mzee nilielewa bure ile ni ya nini. Siku moja Sheryl alimpa chapati mbele ya watu, akampapasa kichwa. "Chukua, katoto kangu. Kula ukue." Joram akapokea. Akasema asante. Aliporudi nyumbani ile chapati ilikuwa bado imefungwa kwenye karatasi. Akampa mbwa.

Rachael alifariki mwaka jana, wakati wa mahindi. Moyo ulisimama, basi. Sina mengi ya kusema juu ya hilo. Tulipomaliza matanga, Joram akaja kwangu.

"Kwara, nataka kujenga simba."

"Baridi ya nje utaiweza?"

"Nitaziba vizuri. Kwara, siwezi kulala kwa Dani maisha yangu yote. Hata yeye hayuko."

Wakati huo sauti yake ilikuwa imeanza. Mara nyembamba, mara nzito, inakwama katikati ya neno. Yeye mwenyewe alikuwa akinyamaza ghafla kuisikiliza. Nikasema sawa, tutajenga.

Walter hakukubali. Akaja na vijana wake, akasimama uani kwangu.

"Simba ni ya mtu aliyebalehe. Tukimjengea mtoto, tunacheza na desturi."

"Ameanza," nikasema.

"Ameanza nini? Mimi namwona vile alivyokuwa."

Joram akatoka ndani. "Kwara Walter, unataka nivue nguo uhakikishe?"

Oluoch akacheka kwa nguvu, wengine wakafuata. Walter akaangalia chini. "Jengeni," akasema. "Mimi sijasema kitu."

Tukasimamisha nguzo, tukafunga fito. Kilichobaki ni kukandika. Siku ya udongo kukawa na manyunyu tangu alfajiri. Kukanyaga udongo ni kazi ya vijana. Wanaingia shimoni miguu mitupu, wanamwaga maji, wanakanyaga mpaka ulainike. Maji yalikuwa baridi. Nilimwambia Joram akae, awe anatuonyesha tu. Hakukaa. Alikunja suruali, akaingia.

"Toka, bro, utagonjeka," Oluoch akamwambia.

"Nyumba ni yangu ama ni yako?"

"Ni yako."

"Basi kanyaga, wacha mdomo."

Wakakanyaga wakiimba. Sauti yake ikaingia chini pamoja na za wenzake, ikapotea, ikarudi. Nilimwita mara mbili, nikampelekea maji ya kunywa, nikampelekea sweta. Sweta aliitupa kwenye nyasi. Mchana kuta mbili zilikuwa zimekandikwa. Alikuwa na udongo mpaka masikioni. Sikuwahi kumwona amefurahi vile.

Jioni maumivu yakaanza miguuni. Kisha mgongo. Yalipofika kifuani tukaazima gari.

Hospitalini muuguzi alimwangalia mara moja. Akaniuliza mimi, "Mtoto anaitwa nani?"

"Anaitwa Joram. Ana miaka kumi na saba. Apelekwe kwa wanaume."

"Mzee, miaka hiyo bado ni ya watoto. Na madaktari wa ugonjwa wake wako upande huo."

Alikuwa na haki yake. Wakamlaza kwenye wodi ya watoto. Ukutani walichora sungura wamevaa kofia. Kwenye kitanda cha kulia kulikuwa na mtoto anayenyonya. Joram aliwaangalia wale sungura, akageuka upande wangu.

Wakampa maji ya mishipa, wakampa dawa, wakampa hewa ya mtungi. Walifanya kazi. Mimi nilikaa kwenye kiti. Maumivu yakilegea alitaka nimweleze nyumba imefika wapi. Nilimwambia Oluoch amemaliza kuta. Nilimwambia mabati yamefika. Ilikuwa kweli, sikumdanganya. Alisikiliza amefumba macho. Siku ya tatu, watoto wakipewa chai, kifua chake kilisimama.

Walter alikuja nyumbani kupanga mazishi. Kwetu mvulana asiye na nyumba huzikwa pembeni, upande wa nyumba ya bibi au mama, kama mtoto. Mwenye simba huzikwa mbele ya simba yake, kama mwanamume. Walter akaonyesha pembeni.

"Hapa," akasema.

"Hapana. Mbele ya simba yake."

"Ndugu yangu, hakulala ndani hata siku moja. Haina paa."

"Itakuwa na paa. Na atalala."

Nilidhani Walter atabisha. Nilikuwa tayari nibishane naye mpaka kaburini kwangu. Oluoch hakungoja wazee wamalize, alikuwa ameshapanda juu na nyundo. Vijana wakapandisha mabati, na Walter mwenyewe akavua koti akashika ngazi.

Joram alilala katika simba yake usiku mmoja. Jeneza tuliliweka katikati, kuta bado zina unyevu, zinanuka udongo mpya. Sheryl alikuja na kina mama wa sokoni, akakaa karibu na jeneza na wasichana wakubwa, akalia vile mwanamke humlilia mwanamume. Asubuhi tukamzika mbele ya nyumba. Mama Jacinta alitaka kuanzisha wimbo, akashindwa, na safu ya sauti nzito ikauanzisha.

Nyumba bado iko. Siiruhusu ikae na nyasi. Wapitao huuliza kwa nini nyumba ndogo vile ina mlango mrefu vile. Wekesa, fundi wa mbao, aliniuliza hivyo hivyo siku ile alipokuwa akipima. Alisema mwenye nyumba alikuwa mfupi, mbao ni chache, akate mfupi. Nikamkataza. Nilimpa maneno ya Joram jinsi nilivyoyapokea hospitalini, usiku wa mwisho, sauti yake nzito tangu neno la kwanza mpaka la mwisho:

"Kwara, mlango uwe mrefu. Sitaki kuinama nikiingia kwangu."